KARO IMERITHI RANGI
Shule zetu zinaligawanya taifa, na sheria ya kuliunganisha tunayo

Kila Januari nchi yetu huandaa tamasha moja lenye kuhuzunisha. Magazeti na televisheni hutuonyesha mtoto aliyefika katika lango la shule ya kitaifa akiwa amebeba sanduku la bati lisilo na kitu ndani ila kipande cha sabuni. Hana karo, hana godoro, na pengine hana hata mzazi wa kumsindikiza. Msamaria mwema hujitokeza, mheshimiwa hupigwa picha, mwalimu mkuu humshika mtoto mkono, nasi tukazima televisheni tukiamini kwamba haki imetendeka. Hatuulizi ni wangapi waliobaki nyumbani kwa sababu hakuna mpiga picha aliyepita kijijini kwao. Wala hatuulizi ni sera ipi iliyomfanya mtoto wa Mkenya kuwa ombaomba katika lango la shule iliyojengwa kwa kodi ya Wakenya.

Sisi tunauliza. Na jibu letu tunalitoa bila kumung'unya maneno. Shule za Kenya zimegawanywa kwa mafungu ya utajiri na umaskini. Mgawanyo huo haukuletwa na Mwenyezi Mungu, wala haukuletwa na bahati mbaya. Uliandikwa na watu, katika ripoti na waraka za serikali, na kwa hivyo unaweza kufutwa na watu kwa njia iyo hiyo. Wako wanaodhani kwamba mageuzi yalikamilika Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Wako wanaodhani yalikamilika Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa. Tunawaambia kwamba maadamu mtoto wa mtawala na mtoto wa mtawaliwa hawakai katika dawati moja hata siku moja ya maisha yao, uhuru wa kuchagua vyama ni nusu ya safari.

UBAGUZI UNA HISTORIA YAKE

Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilipokea ripoti ya Profesa Fraser, iliyopendekeza kwamba elimu itengwe kwa rangi na kwamba Mwafrika afundishwe kazi za mikono. Kukawa na shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waarabu na shule za Waafrika. Prince of Wales School, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, na Duke of York School, iliyofuata mwaka 1949, zilikuwa za wavulana wa Kizungu. Leo tunaziita Nairobi School na Lenana School. Mwaka uo huo wa 1949, Kamati ya Beecher ilipendekeza mtoto wa Kiafrika achujwe kwa mtihani baada ya kusoma miaka minne tu. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kujenga shule zao huru kwa jasho lao, pamoja na chuo cha walimu cha Githunguri. Mwaka 1952, chini ya Hali ya Hatari, mkoloni akazifunga.

Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilisema kwa sauti iliyo wazi kwamba ubaguzi wa rangi uondolewe shuleni, nao ukaondolewa. Hilo lilikuwa jambo la heshima na hatulibezi. Lakini shule zilizokuwa za Wazungu zilibaki na karo zao kubwa, zikapewa jina la shule za gharama ya juu, na mlango ukafunguliwa kwa mtoto wa rangi yoyote mradi alipiwe. Waziri mpya, katibu mpya na meneja mpya wa kampuni wakaingiza watoto wao. Mtoto wa mfagizi wa shule hiyo akabaki nje ya ua, kama alivyobaki nje chini ya mkoloni, ila sasa akaelezwa kwamba kizuizi si ngozi yake tena bali ni mfuko wa babaye. Hivyo ndivyo karo ilivyorithi kazi ya rangi. Na safari hii aliyeandika sera hakuwa mkoloni.

Ahadi hatukukosa. Chama cha KANU kilikwenda kwenye uchaguzi wa 1963 kikiahidi elimu ya msingi bila malipo. Mwaka 1974 karo ilifutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na watoto wakamiminika shuleni. Punde si punde shule zikabuni ada ya ujenzi, na mahali pengi ada hiyo ikaizidi ile karo iliyofutwa. Sisi tulio katika miaka ya arubaini leo ni watoto wa maziwa ya Nyayo na wa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Tunakumbuka wazazi wetu wakiamrishwa kuchanga fedha za karakana. Tunakumbuka pia jinsi waraka nambari 6 wa mwaka 1988 ulivyoleta lugha ya kugawana gharama, na wenzetu wakaanza kupungua darasani muhula baada ya muhula, bila mtu kuwafukuza kwa jina. Kila mara mbinu ilikuwa ni moja: malipo yalifutwa kwa jina moja yakarudi kwa jina jingine.

TULIPOKIMBIA

Januari 2003 serikali ya NARC ilitimiza ahadi yake, ikafuta karo za shule za msingi na kutenga KSh 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Idadi ya watoto ikapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi karibu milioni 7.2. Hayo yalikuwa matunda ya mageuzi, na atakayeyadharau ni mtu asiyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Lakini hapa inatulazimu kujishtaki wenyewe. Madarasa yalipofurika, watoto 80 na zaidi kwa mwalimu mmoja, sisi tuliokuwa na uwezo tulifanya nini? Je, tulikwenda wizarani kudai walimu? Tuliandamana? Tulifungua kesi? La. Tuliwatoa watoto wetu kimyakimya, tukawapeleka akademia. Mawakili, madaktari, wabunge, wahariri, makasisi, maofisa wa Wizara ya Elimu, hata walimu wa shule zenyewe za umma. Mikono iliyowafungulia maskini lango la shule ya umma ndiyo iliyowatorosha watoto wetu kwa mlango wa nyuma. Katika ofisi yetu ya uwakili hakuna hata mmoja mwenye mtoto katika shule ya msingi ya umma. Tunayaandika haya kwa aibu, na tunayaandika kwa sababu hoja yetu yote inasimama hapa.

Tulipoondoka hatukuondoka na karo zetu peke yake. Tuliondoka na simu inayopokewa wizarani. Tuliondoka na barua ya wakili inayomfanya mkandarasi amalize choo. Tuliondoka na mzazi anayejua kusoma hesabu za shule na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Shule iliyobaki na watoto wa maskini peke yao haina mtu katika ofisi kubwa anayeiwaza usiku. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi tunaongeza kwamba hamjui kwa sababu amehakikisha hawakutani.

Na maskini hawakusalimika hata huko kwenye shule za kulipia. Katika mitaa ya mabanda, Kibera, Mathare, Mukuru, shule za umma ni chache mno zikilinganishwa na watoto walioko. Kwa hivyo kibarua anayelipwa kwa siku analazimika kulipia shule ya mabati na mbao iliyo kando ya mtaro. Septemba 2019 darasa la shule moja ya namna hiyo liliporomoka huko Dagoretti, Nairobi, asubuhi watoto wakiwa ndani. Watoto wasiopungua 7 walikufa. Wakubwa walifika, wakatoa rambirambi, wakaahidi ukaguzi. Hatukumsikia mmoja wao akisema kwamba mtoto wake alikuwa katika shule kama ile, kwani hakuwako.

BARUA YA WITO

Alikuja ofisini kwetu mama mmoja anayefua nguo katika nyumba za watu ili alishe watoto wake. Bintiye alikuwa amechaguliwa kuingia shule ya kitaifa, ambayo hatutaitaja. Alikuwa na barua ya wito ndani ya mfuko wa plastiki, na nyuma ya barua kulikuwa na orodha: godoro la kipimo fulani, sare zinazopatikana katika duka moja tu, fedha za basi, fedha za jengo, na ada za mambo ambayo hata sisi hatukuyaelewa.

"Wakili," akasema, "sikuja kuomba pesa. Nimekuja kuuliza kama barua hii ni ya kweli. Hapa juu inasema amechaguliwa, na hapa chini inasema asije bila vitu hivi."

Tulimsomea kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Tukamweleza kwamba shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo, na kwamba ada nyingine zikiidhinishwa na Waziri, mtoto hawezi kukataliwa kwa sababu hazijalipwa. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Sasa mama yake nikifika pale langoni, yule askari nitamsomea hiyo sheria?"

Tuliandika barua. Jibu lilikuja wiki zikiwa zimepita, likisema kwamba nafasi ilikwisha kupewa mwingine. Binti yule alijiunga na shule ya kutwa iliyo karibu na kwao, ambako somo la kemia alilisoma ubaoni kwa kuwa maabara haikuwako. Barua ya wito ingali katika faili letu. Sheria ilikuwa upande wake, herufi kwa herufi, na haikumfaa kitu.

Hiki ndicho kitendawili cha elimu ya bure nchini Kenya. Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya 2013 inaihesabu shule ya upili kuwa sehemu ya elimu hiyo. Serikali hujibu kwamba imetimiza, maana shule ya kutwa haitozi karo ya masomo. Lakini shule zenye maabara, maktaba, viwanja na walimu wa kutosha ni za bweni, na karo iliyotangazwa kwa shule za bweni za daraja la juu ni KSh 53,554 kwa mwaka, kabla ya orodha ile ya godoro na sare. Basi cha bure kimewekwa mbali na kilicho bora. Mwenye nacho ananunua kilicho bora kutoka kwa serikali yenyewe, na asiye nacho anaambiwa ashukuru.

Mfumo mpya haujaliponya donda hili. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu Januari 2026, wakiwa wamepangwa katika shule za makundi manne, kuanzia C1 hadi C4. Tazama ndani ya makundi hayo nawe utaziona zile zile shule za kitaifa, za kaunti-ziada, za kaunti na za kaunti ndogo. Mtoto anaambiwa achague mkondo autakao, wa sayansi, wa jamii au wa sanaa na michezo. Atachaguaje sayansi katika shule isiyo na maabara? Kipaji chake kimekwisha kuchaguliwa na jengo.

MAHAKAMA ILIKWISHA KUSEMA

Kuna watakaosema kwamba serikali haina mamlaka ya kuchanganya watoto. Kama mawakili, tunawakumbusha yaliyotokea mwaka 2011. Kwa miaka mingi watahiniwa wa shule za kibinafsi walikuwa wakitwaa sehemu kubwa mno ya nafasi katika shule za kitaifa, ambazo wakati huo zilikuwa 18 tu, ilhali walikuwa sehemu ndogo ya watahiniwa wote. Wizara, chini ya Profesa Sam Ongeri, iliamua nafasi zigawanywe kwa kulingana na idadi ya watahiniwa wa kila upande. Wazazi wa shule za kibinafsi wakaenda Mahakama Kuu katika kesi ya John Kabui Mwai na wenzake dhidi ya Baraza la Kitaifa la Mitihani, wakidai kwamba watoto wao wamebaguliwa.

Mahakama iliitupilia mbali kesi hiyo. Ilisema, kwa maana tunayoieleza kwa maneno yetu, kwamba si kila kutofautisha ni kubagua, na kwamba haki za kiuchumi na kijamii ziliingizwa katika Katiba ili kuwainua walio chini. Watu walioanza safari mahali tofauti hawawi sawa kwa kutangaziwa tu kwamba wako sawa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya kijamii, na kifungu hicho hicho kinaiamuru serikali ichukue hatua za kurekebisha madhara ya ubaguzi uliopita. Kwa hivyo mamlaka yako. Kilichokosekana ni nia.

Hata hivyo hatutaficha kasoro ya sera ile. Iliwapima watoto kwa mwenye shule, haikuwapima kwa hali ya nyumbani kwao. Mtoto wa Mukuru aliyesoma katika banda la mabati alihesabiwa kuwa wa kibinafsi, kikapu kimoja na mtoto wa Karen anayeletwa shuleni na dereva. Na mtoto wa tajiri aliyesajiliwa kufanyia mtihani katika shule ya umma alipita kama maskini. Sera ya haki haina budi kumtazama mtoto mwenyewe anatoka wapi.

WANAOTUPINGA

Hoja yao ya kwanza ni haki ya mzazi kuchagua. Haki hiyo tunaiheshimu. Anayetaka kumpeleka mwanawe akademia na ampeleke. Lakini nafasi katika shule ya umma si zawadi ya mwisho kwa aliyelipia akademia miaka minane. Na hebu atuambie, yule mama wa barua ya wito alichagua nini? Haki inayotumiwa na wachache tu kwa kuwa wengine hawana bei yake ni fadhila ya soko, na Katiba haikuandikwa ili kulilinda soko.

Hoja ya pili ni kwamba viwango vitaanguka. Katika enzi ya KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtihani ulikuwa na alama 500. Mtoto aliyepata 350 akisomea chini ya mti huko Turkana alihesabiwa kuwa duni kuliko aliyepata 400 katika darasa la watoto 20, mwenye mwalimu wa ziada kila jioni. Ni nani kati yao aliyepanda mlima mrefu zaidi? Mzazi yeyote mkweli anajua jibu. Kiwango tunachokiogopea kilikuwa kwa sehemu kubwa kipimo cha fedha zilizotumika.

Hoja ya tatu ni kwamba serikali haina fedha. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba badala ya KSh 22,244 zilizoahidiwa kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili, serikali inamudu takriban KSh 16,900. Tunamshukuru kwa kusema kweli. Lakini pengo hilo haliwaumizi watoto wote sawasawa. Shule ya bweni yenye jina huwaita wazazi wake mkutanoni, ikaongeza ada, ikaajiri walimu wa ziada, maisha yakaendelea. Shule ya kutwa ya kijijini ikimwomba mzazi KSh 500, mtoto anabaki nyumbani. Fedha zikipungua kwa kiasi kimoja kwa wote, anayezama ni mfupi. Na tusiambiwe hakuna fedha ilhali ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka 2025, ulionyesha kwamba fedha zililipwa kwa shule zisizokuwako, na ilhali basari zinagawanywa na ofisi za wabunge na za magavana, kila hundi ikiwa na picha ya mfadhili wake. Mtoto asimshukuru mwanasiasa kwa kitu ambacho Katiba imekwisha kumpa.

TUNADAI NINI

Kwanza, nafasi katika shule za kundi la C1 zigawanywe kwa kuzingatia umaskini wa mahali mtoto alikosomea na alikolelewa. Angalau nusu ya nafasi hizo zitengewe watoto wa shule za umma za maeneo maskini, na wa shule za mabandani zinazotoza karo ndogo, hata kama ni za kibinafsi. Mtoto akichaguliwa hivyo, serikali ilipe gharama yake ya bweni yote, pamoja na godoro na sare.

Pili, mgao wa fedha uwe na mizani. Leo mtoto wa shule yenye basi tatu na chama cha wanafunzi wa zamani anapata mgao ule ule anaopata mtoto wa shule yenye paa linalovuja. Katiba, katika kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, hospitali na umeme katika maeneo yaliyotengwa, elimu haikutajwa. Basi Bunge liandike katika Sheria ya Elimu ya Msingi kwamba shule yenye watoto maskini zaidi ipate fedha zaidi kwa kila mtoto, na kwamba Tume ya Huduma kwa Walimu ijaze upungufu wa walimu kwa kuanzia huko.

Tatu, basari zote za umma ziwekwe katika mfuko mmoja, zilipwe shuleni moja kwa moja kwa vigezo vilivyotangazwa, bila barua ya mheshimiwa.

Nne, kifungu cha 29 kipewe meno. Mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto kutoka langoni kwa sababu ya ada ajibu yeye binafsi, na orodha ya mahitaji inayomlazimisha mzazi kununua katika duka moja ihesabiwe kuwa kosa.

Tano, akademia za gharama kubwa zibebe sehemu ya mzigo wa taifa. Huduma zao hazitozwi kodi ya VAT. Hilo ni ruzuku ya mwananchi, hata kama haliitwi hivyo. Nchini India, Sheria ya Haki ya Elimu ya mwaka 2009 inazitaka shule za kibinafsi zitenge robo ya nafasi za kuanzia kwa watoto wa jamii dhaifu, serikali ikiwalipia. Wenye shule walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali sheria hiyo kwa sehemu kubwa. Huko pia pamekuwa na lawama kwamba serikali huchelewa kulipa na kwamba baadhi ya shule huwakwepa watoto hao. Tujifunze kutokana na makosa hayo, kisha tutunge yetu.

Sita, serikali itafute ardhi na kujenga shule za umma ndani ya mitaa ya mabanda. Ardhi ya shule iliyonyakuliwa irudishwe. Anayesema hakuna nafasi Nairobi atueleze maduka makubwa yanapata wapi nafasi.

MWITO

Ndugu Mwananchi, hatudai sheria ya kumlazimisha mbunge kumpeleka mtoto wake shule ya umma. Sheria kama hiyo ingeanguka mahakamani, nasi wenyewe huenda tungeombwa kuiangusha. Lakini hakuna sheria inayokuzuia wewe kuuliza. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja. Atakapopanda jukwaani mtu anayetaka kura yako na kuanza kusifu elimu, muulize mbele ya watu: "Mheshimiwa, watoto wako wanasoma wapi?" Muulize mgombea wa chama tawala, na muulize wa upinzani vilevile. Tulipigania vyama vingi ili viongozi waulizwe maswali na vyama vyote, si ili vyama vyote vipeleke watoto akademia moja.

Nasi tuliokimbia tunalo la kufanya. Tunaweza kugombea viti katika bodi za shule za umma za mitaa yetu hata kama watoto wetu hawasomi humo. Tunaweza kuzisoma hesabu zake. Tunaweza kuchukua kesi ya mtoto aliyerudishwa langoni bila kumtoza mzazi ada ya uwakili. Kuanzia muhula ujao, ofisi yetu itafanya hivyo, na tunawaalika mawakili wenzetu katika kila kaunti waige. Askari wa lango akikataa kusomewa kifungu cha 29 na mama anayefua nguo, basi na asomewe na wakili aliyesimama kando ya mama huyo.

Mkoloni alifahamu vizuri alichokuwa akifanya alipotenganisha shule. Alijua kwamba watoto wanaosoma pamoja, wakila pamoja na kuchapwa na mwalimu mmoja, ni vigumu kuja kutawaliwa mmoja na mwenzake. Tulimwondoa mkoloni tukaiacha kazi yake ikiendelea. Mageuzi hayajakwisha hadi tuikomeshe.